Waliopiga marufuku maua ya mwembe

Wimbo wa taifa wa Bangladesh, ukiusikia bila kuambiwa ni wimbo wa taifa, utadhani kuna mtu anambembeleza mama yake aliyenuna. Hakuna bendera mle, hakuna damu, hakuna adui, hakuna jeshi linalosonga mbele. Kuna anga na upepo, kuna harufu ya maua ya mwembe inayomtia mtu wazimu mwezi wa Falgun (Februari Machi hivi), kuna mashamba ya mpunga uliokomaa, na kuelekea mwisho mtoto anamwambia mama, yaani nchi, kwamba uso wako ukiingia huzuni mimi machozi yananilengalenga. Basi, ndo imeisha. Unaimbwa taratibu, hauna hata mdundo wa kupigia kwata.

Sasa huo ndo wimbo ambao watu waliuimba mwaka 1971, wakipigania kujitenga na Pakistan, wakiwa kambini, wakiwa porini na bunduki, wakiwa wamejificha, huku jeshi zima la Pakistan likiwasaka.

Mi ni mtu wa nyimbo za ukombozi, nazisaka za kila pande ya dunia, na nyingi zina ile sauti ya buti: twende, tupigane, tutashinda. Wabengali nao wanazo za hivyo na ntazitaja, ila zile zilizowashika watu kooni ni za maua, za mto, za mama, za kaka aliyeuawa. Na kila nikifuatilia historia yake nakuta jambo lilelile linajirudia, kwamba nyimbo hizi zilizaliwa zikiwa nyimbo tu, nzuri, za kuimba jioni, aliyezigeuza silaha ni mtawala, kila mara alipojaribu kuzinyamazisha.

Twende kwa mpeleka barua kwanza. Shilaidaha, upande wa Kushtia, kulikuwa na mtu wa posta anaitwa Gagan Harkara, anatembea na barua za watu huku akiimba nyimbo za Baul. Hao Baul ni waimbaji wa njiani, ukiwaweka karibu na masufi hutakosea sana, kwao Mungu anatafutwa ndani ya binadamu. Gagan alikuwa na wimbo unauliza nitampata wapi yule mtu wa moyo wangu. Rabindranath Tagore, yule mshairi mkubwa wa Kibengali, ambaye familia yake ilikuwa na mashamba makubwa maeneo yale na yeye ndo aliyatunza kwa muda, akausikia, na sauti ile ikamganda. Mwaka 1905 akaitwaa akaandikia maneno mapya, ndo "Amar Sonar Bangla". Yaani nchi ya watu zaidi ya milioni 160 leo inasimama wima kwa sauti ya mtu wa posta. (Nasi Tanzania tusicheke, tunasimama kwa sauti aliyoitunga Enoch Sontonga, mwalimu wa shule kule Johannesburg, mwaka 1897, nyimbo za taifa zina safari zake.)

Kwa nini 1905? Kwa sababu Lord Curzon, mtawala wa Kiingereza, aliikata Bengal, jimbo la India ya wakoloni ambalo leo ni Bangladesh na kipande cha India, vipande viwili, mashariki wengi Waislamu, magharibi wengi Wahindu, akisema ni mambo ya utawala tu, jimbo limekuwa kubwa mno. Watu wakamuelewa vizuri sana alichokuwa anafanya. Siku mgawanyo ulipoanza, 16 Oktoba, Tagore na umati wakaingia mitaani Kolkata wakifungana uzi mikononi, Mwislamu kwa Mhindu, wakiimba wimbo wake mwingine unaoombea udongo wa Bengal na maji ya Bengal. Wakasusia vitambaa vya Uingereza. Mwaka 1911 Waingereza wakarudisha jimbo pamoja, na hapohapo wakahamisha makao makuu ya India kutoka Kolkata kwenda Delhi, sijui kwa hasira, sijui kwa hesabu.

Kipindi kile palikuwa na Mukunda Das wa Barisal, mtu wa maigizo ya jatra, anazunguka na kundi lake vijijini akiimba mambo ya kuwasema wakoloni, wakamfunga jela kwa nyimbo. Palikuwa na Khudiram Bose, kijana aliyenyongwa mwaka 1908 akiwa na miaka 18, na wimbo wa mtaani uliomfuata, ambamo kijana anamuaga mama yake, niruhusu niende mara moja nitarudi. Hebu fikiria, mtu anaenda kunyongwa na wimbo unasema nitarudi. Umeimbwa zaidi ya miaka 100 sasa na bado ukipigwa wazee wanalia.

Afu akaja Kazi Nazrul Islam na huyu ndo mwenye buti. Mwislamu wa familia maskini, aliwahi kuwa askari, sauti kama ngurumo. Mwaka 1921 akaandika ule wa kuvunja milango ya chuma ya gereza, "Karar oi louho kopat", wakati C. R. Das, kiongozi wa wapinga ukoloni, yuko ndani. Waingereza wakamfunga, akagoma kula, kitabu chenye wimbo ule kikapigwa marufuku. Lakini huyuhuyu ndo aliyeandika wimbo wa Idi ambao mpaka leo mwezi ukiandama Bangladesh unausikia kila kona, na huyuhuyu akaandika nyimbo za kumsifu Kali, mungu wa kike wa Wahindu. Mtu kama huyu serikali yoyote inayotaka watu wa rangi moja atawasumbua tu.

Na ikaja serikali ya hivyo. 1947 India inagawanywa, Pakistan inazaliwa na vipande viwili vilivyoachana kama kilomita 1,600, India iko katikati. Kipande cha mashariki ndo chenye watu wengi zaidi, zaidi ya nusu ya nchi nzima, wanaongea Kibengali. Machi 1948 Jinnah, mwasisi wa Pakistan, anakuja Dhaka anawaambia lugha ya taifa ni Kiurdu, hakuna nyingine. Januari 1952 waziri mkuu Khawaja Nazimuddin anarudia yaleyale hapohapo Dhaka. Tarehe 21 Februari wanafunzi wanaingia barabarani, polisi wanapiga risasi, wanakufa kina Salam, Barkat, Rafiq, Jabbar.

Abdul Gaffar Chowdhury alikuwa kijana wa chuo wakati huo, akaenda hospitali akakuta maiti ya mmoja wao, na mistari ikaanza kumjia: damu ya kaka yangu imeipaka rangi Februari ishirini na moja, nawezaje kuisahau. Ilikuwa shairi. Abdul Latif akalitia sauti kwanza, baadaye Altaf Mahmud akalitungia sauti nyingine na hiyo ndo iliyobaki. Kila mwaka siku ile, watu wanatembea pekupeku kwenda kwenye mnara wa mashujaa, Shaheed Minar, wana maua mikononi, wanaimba ule wimbo taratibuuu kama wimbo wa msiba, kwa sababu kweli ni wa msiba. UNESCO ndo waliichukua tarehe hiyo mwaka 1999 wakaifanya siku ya lugha mama duniani, kwa hiyo shule zetu zikiadhimisha 21 Februari zinaadhimisha msiba wa Dhaka hata kama mgeni rasmi hakutaja.

Kilichofuata ndo kinanifurahisha kuliko vyote, kwa ujinga wake. Wakubwa wa Pakistan wakaona tatizo si lugha tu, tatizo ni Tagore. Mtu ambaye alikufa 1941! Si Mwislamu, anatoka Kolkata, na watu wa mashariki wanamuimba harusini, msibani, mvua ikinyesha, mvua ikikatika. Mwaka 1961 ilikuwa miaka 100 tangu azaliwe, serikali ya Ayub Khan, jenerali aliyekuwa anaitawala Pakistan, haikutaka sherehe, watu wakafanya hivyohivyo, na waliofanya wakaanzisha Chhayanaut, chama cha kufundisha nyimbo, kina Sanjida Khatun na Wahidul Haque. Mwaka 1967 waziri wa habari Khwaja Shahabuddin akatangaza bungeni kwamba nyimbo za Tagore zinazopingana na utamaduni wa Pakistan hazitapigwa tena redioni. Huyu waziri ni mdogo wake yule Nazimuddin wa 1952. Kaka aliwanyima lugha, mdogo mtu akaja kuwanyima nyimbo, na wote wawili ni wa familia ya nawabu, mabwanyenye wenye ardhi, wa hapohapo Dhaka!

Kuna kisa kinasimuliwa sana kule, sikiapii, kwamba Monem Khan, gavana wa Pakistan ya mashariki, alimuuliza profesa Abdul Hai wa chuo kikuu, hivi nyie maprofesa wa Kibengali kwa nini hamuandiki nyimbo za Rabindranath wenyewe? Profesa akamjibu, tunaweza mheshimiwa, ila zitakuwa nyimbo za Hai.

Hata Nazrul, ambaye ni Mwislamu na ambaye walitaka wamtumie, ilibidi wamnyoe kwanza. Kwenye wimbo wake wa kwata kuna mahali anataja uwanja wa kuchomea maiti, jambo la Kihindu hilo, wakaweka makaburi. Kaeni mlione hilo kwa macho ya ofisa, kuna mtu alilipwa mshahara kukaa na kalamu nyekundu akibadilisha namna ya kuzika ndani ya wimbo.

Matokeo yake mtu aliyekuwa anaimba wimbo wa mvua sebuleni kwake 1960, akiuimba 1967 tayari ni mpinzani wa serikali. Hajabadilisha hata neno. Chhayanaut wakaanza kuimba alfajiri ya mwaka mpya wa Kibengali chini ya mti mkubwa bustani ya Ramna, wakina mama wamevaa sari nyeupe zenye ukingo mwekundu, na ile nayo ikawa siasa. Mwaka 1970 Zahir Raihan akatoa filamu, "Jibon Theke Neya", juujuu ni ugomvi wa nyumbani kuhusu dada mtu mkorofi anayeshika funguo za nyumba nzima, ila kila mtu alijua dada ni nani, ni Ayub Khan na utawala wake. Ndani ya hiyo filamu wameweka wimbo wa Tagore wa maua ya mwembe na wa Nazrul wa milango ya gereza. Watu waliitazama sinema wakatoka na wimbo wa taifa kabla hawajawa na taifa.

Desemba 1970 uchaguzi, chama cha Sheikh Mujibur Rahman, Awami League, kinachukua viti 167 kati ya 169 vya mashariki, majenerali hawataki kukabidhi. Usiku wa 25 Machi 1971 jeshi linaingia Dhaka kuua. Kesho yake 26 Machi, watu wa redio kule Chittagong, kina Belal Mohammed, wanateka mtambo wa kurushia matangazo wa Kalurghat wanajiita redio ya Bangladesh huru, Swadhin Bangla Betar Kendra. Ndege za Pakistan zikaupiga bomu tarehe 30. Wakakimbilia mpakani na mtambo mdogo, na kuanzia 25 Mei wakawa wanarusha kutoka nyumba moja barabara ya Ballygunge Circular, Kolkata, India imewapa mtambo wa kilowati 50.

Wale wa kwetu wanaoikumbuka RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) ilivyokuwa inawapa saa za matangazo wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika wataelewa haraka maana ya kitu kama hiki. Redio haiui mtu. Ila ukiwa Dhaka, madirisha umefunga, sauti umeishusha mpaka sikio limegusa spika kwa sababu ukikamatwa unasikiliza utakiona cha moto, afu unasikia watu wanaimba kwa lugha yako kutoka mahali ambapo jeshi halifiki, unajua kwamba hujabaki peke yako. Wakianza tu matangazo unasikia "Joy Bangla, Banglar Joy", maneno ya Gazi Mazharul Anwar, muziki wa Anwar Parvez. Huu sasa una shangwe. Afu kuna M. R. Akhtar Mukul na kipindi chake Chorompotro, anawakejeli wanajeshi kwa Kibengali cha vichochoroni Dhaka, na nyimbo, nyimbo, nyimbo. Waimbaji wengine walikuwa wanaishi palepale kwenye nyumba wanayorekodia.

Lakini angalia zile zilizodumu. Wimbo mkubwa kuliko zote za vita ile, kwa masikio yangu, ni ule alioutia sauti na kuuimba Apel Mahmud, "Mora ekti phulke bachabo bole juddho kori". Unasema tunapigana ili kuokoa ua moja, tunashika silaha kwa ajili ya tabasamu la uso mmoja. Wimbo wa wapiganaji huo! Aliyeuandika ni Gobinda Haldar, mfanyakazi wa idara ya kodi ya mapato India, raia wa India, aliwapa watu wa redio daftari la nyimbo wakachagua humo. Mlemle mna "Purbo digonte surjo uthechhe", jua limechomoza mashariki, Samar Das akautia muziki, na mna ule wa kuwashukuru waliotoa bahari ya damu, ulioimbwa na Swapna Roy. Haldar kafariki Kolkata Januari 2015 na Wabengali wa pande zote mbili za mpaka walimlilia, jambo ambalo kwa karani wa kodi si la kawaida.

Wengine hawakukaa redioni. Palikuwa na kundi la vijana wasanii wakizunguka na lori kwenye kambi za wakimbizi (watu kama milioni 10 walivuka kwenda India) wakiimbia watu waliopoteza kila kitu. Mmarekani mmoja, Lear Levin, akawafuata na kamera, akarudi kwao na mikanda, hakuna aliyeitaka, ikalala kwake karibu miaka 20 mpaka Tareque na Catherine Masud walipoifuata na kutengeneza "Muktir Gaan", 1995. Kama una saa moja na nusu itafute. Kuna nyuso za watoto mle zinasikiliza wimbo kama vile wanakula.

Kuhusu tamasha la New York, 1 Agosti 1971, Madison Square Garden, George Harrison wa Beatles na Ravi Shankar mpiga sitar, sisemi sana, wote mnalijua. Lilisaidia, dunia ikajifunza kutamka Bangladesh wakati serikali ya Nixon iko upande wa Pakistan. Inanikera kidogo tu kwamba ukitafuta muziki wa vita ile mtandaoni, watu wa gitaa la Uingereza wanatokea kabla ya Altaf Mahmud.

Huyo Altaf turudi kwake. Yeye hakukimbilia Kolkata. Alibaki Dhaka, nyumbani kwake karibu na Rajarbagh, anawasaidia vijana wa msituni wa mjini, wale walioitwa Crack Platoon, na kwenye uwanja wa nyumba yake masanduku ya silaha yamefukiwa. Alfajiri ya 30 Agosti wanajeshi wakaja, wakamfanya ayafukue mwenyewe, wakamchukua. Hajaonekana tena mpaka leo, hakuna kaburi. Kwa hiyo Februari 21 watu wanapotembea pekupeku kuwaimbia wale wa 1952, sauti wanayoimba ni ya mtu ambaye naye aliuawa, na hana hata mahali pa kuwekewa ua. Zahir Raihan wa ile filamu naye akapotea 30 Januari 1972, nchi imeshakuwa huru, alikwenda Mirpur kumtafuta kaka yake.

Vita viliisha 16 Desemba. Tusidanganyane, havikumalizwa na nyimbo, vilimalizwa na wapiganaji wa Mukti Bahini na jeshi la India, na wanajeshi wa Pakistan kama 93,000 wakawa mateka. Siku ileile redioni wakatunga harakaharaka wimbo wa ushindi, Shahidul Islam maneno, Sujeo Shyam sauti, Ajit Roy akaongoza waimbaji.

Mwaka uliofuata serikali mpya ikamleta Nazrul Dhaka, wakampa heshima ya mshairi wa taifa. Hakujua. Tangu 1942 ugonjwa ulimnyang'anya kuongea na akili, miaka 30 yuko kimya wakati nchi mbili zinamgombania na moja inamhariri. Alikufa 1976 akazikwa pembeni ya msikiti wa chuo kikuu.

Ila nisiwafanye Wabengali malaika. Nyimbo zilezile zilizosema sisi ni wa lugha hii ziliwaacha wengine nje ya mlango. Oktoba 1972 bungeni, Manabendra Narayan Larma, mbunge kutoka milima ya Chittagong, alisimama kupinga katiba kuwaita raia wote Wabengali, akasema yeye ni Chakma, baba yake Chakma, babu yake Chakma. Hawakumsikiliza, na milima ile baadaye ikawaka moto miaka mingi. Watu waliopigwa risasi kwa ajili ya lugha yao wakashindwa kumsikia jirani mwenye lugha yake, hilo mi linanisumbua kila nikiusikia wimbo wa maua ya mwembe, na bado naupenda.

Na vita vya nyimbo havijaisha. Mwaka 2001 mabomu yalilipuka palepale Ramna chini ya mti watu wakiimba mwaka mpya. Mwaka 2024, Julai, vijana wakiwa barabarani dhidi ya serikali ya Sheikh Hasina, binti wa Mujib, walikuwa wanaimba nini? Milango ya chuma ya gereza, ya Nazrul. Hasina alipoondoka wakatokea watu wanaotaka wimbo wa taifa ubadilishwe, eti Tagore si wa kwetu, serikali ya mpito ikasema haina mpango huo, na watu wakajitokeza kuuimba hadharani kwa hasira. Yaani walirudi 1967 kabisa.

Kama hujawahi kusikia hata mmoja, usianze na wimbo wa taifa. Anza na ule wa Februari 21, tafuta video za usiku wa manane pale Shaheed Minar. Kisha Apel Mahmud na ua lake. Kisha Nazrul, milango ya gereza, tafuta rekodi ya zamani ya waimbaji wengi. Halafu malizia na toleo la wimbo huohuo la A. R. Rahman, mtunzi wa muziki wa filamu wa India, la 2023 kwenye filamu ya "Pippa", filamu ya vita hiihii ya 1971, ambako aliubadilisha sauti, Dhaka na Kolkata wakachachamaa kwa pamoja mpaka waliotengeneza filamu wakaomba radhi. Toleo lenyewe limetulia, linachezeka hata. Sikiliza mwenyewe uone kwa nini walikasirika.